Soma hadi kwenye reli, kisha washa projekta

Chukua neno moja: nilimuua. Ndani yake yumo muuaji, umo wakati, yumo aliyeuawa, na bado hujui kama aliyeuawa ni mwanamume au mwanamke. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kukuacha na neno hilo kurasa kumi bila kukupa jina. Filamu haina uwezo huo. Kamera ikishafunguka, mtu ana sura, ana umri, ana viatu, na chumba kina ukuta. Ndiyo maana kuuliza kipi bora, kitabu au filamu, hakutufikishi mbali kwa riwaya za aina hii. La kuuliza ni hili: ile sauti inayosema nilimuua, filamu imeipeleka wapi?

Nazungumzia riwaya za uhalifu za Kimarekani zilizoanza kutoka kwenye majarida ya bei rahisi, na ambazo jina lao lilitoka Ufaransa. Mwaka 1945 nyumba ya uchapishaji ya Gallimard mjini Paris ilianzisha mfululizo wa vitabu vya uhalifu ulioitwa Série Noire, mfululizo mweusi. Mwaka uliofuata mhakiki Nino Frank akaziita filamu za mkondo huo film noir. Mimi nitasema riwaya nyeusi na filamu nyeusi. Weusi wake haupo kwenye picha peke yake. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla huketi na kiko chake, akafikiri, akafumbua fumbo, na mwisho watu wakalala salama. Riwaya nyeusi haimlazi mtu salama. Anayesimulia mara nyingi ndiye mkosaji mwenyewe, au ni mpelelezi ambaye naye mikono yake haijatakata. Aliyemsoma Ben Mtobwa, mzaliwa wa mkoa wetu huu wa Kigoma, harufu ya usiku wa namna hiyo ameshaionja.

Nitafichua miisho. Ambaye hajasoma na hapendi kuambiwa, aishie hapa kwanza.

Kwa Kigoma tatizo la kwanza ni namna filamu za kigeni zinavyotufikia. Katika vibanda umiza, vibanda vyetu vya video, vya Mwanga na Ujiji filamu huja imeshatafsiriwa: mtu mmoja anasimulia juu ya kila kitu, anacheza sauti za wote, anaongeza utani wake, na sauti ya asili imeshushwa chini kama redio ya jirani. Kwa filamu ya ngumi na risasi kazi hiyo ni ya maana, na wanaoifanya vizuri ni mafundi. Kwa filamu nyeusi inavunja nyumba kutoka msingini, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ukimya. Filamu hizi hutegemea sekunde ambazo hakuna anayesema, simu inapolia gizani au lifti inaposhuka, na msimulizi wa kibandani hawezi kuacha sekunde tano zipite tupu. Ya pili ni kubwa zaidi: filamu ina msimulizi wake tayari, na huyo anasema ni-. Mtafsiri akishika kipaza sauti anasema a-. Nilimuua inageuka alimuua. Kosa la herufi mbili, na mtazamaji aliyekuwa ndani ya kichwa cha muuaji anajikuta nje, amesimama na umati.

Dawa ipo. Kama wenzako hawafuati Kiingereza, tafuta nakala yenye maandishi ya chini, au mtafsiri akubali sharti moja: pale msimulizi wa filamu anapoongea, aongee kwa nafsi ya kwanza, polepole, bila kuongeza lake, pale wahusika wanapozungumza, atoe kiini tu, pale pakiwa kimya, anyamaze. Muhtasari wa dakika tano kabla ya kuanza unasaidia kuliko maelezo mia katikati. Wape majina, nani kaajiriwa na nani, na nini kinatafutwa. Hayo yanatosha.

Kitabu ninachokiona kinafaa zaidi kuanzia, hasa kwa watu wa mji ulio mwisho wa reli, ni Double Indemnity cha James M. Cain. Kilitoka kwa mfululizo kwenye jarida la Liberty mwaka 1936, kikaingia kitabuni mwaka 1943, na filamu yake, iliyoongozwa na Billy Wilder, ikatoka mwaka 1944. Ni kifupi, mtu anakimaliza kwa siku mbili za jioni. Jina lake ni kifungu cha bima: fidia maradufu. Kampuni inaahidi kulipa mara mbili kifo kikisababishwa na aina fulani ya ajali, na aina hizo huchaguliwa makusudi kwa kuwa hutokea kwa nadra. Kifo cha kuanguka kutoka kwenye treni ni mojawapo. Wakala wa bima mjini Los Angeles, Walter, anakwenda nyumbani kwa mteja kuhuisha bima ya gari, anamkuta mke, Phyllis, na wawili hao wanapanga mume afe "kwa treni". Kitabuni bima ni ya dola 25,000 na fidia maradufu ni 50,000. Kwenye filamu ni 50,000 na 100,000.

Namna wanavyofanya ndipo Cain anapoonyesha ufundi. Mume amevunjika mguu, anatembea na magongo. Anauawa ndani ya gari njiani kwenda stesheni. Wakala amevaa kama yeye, mguu umefungwa, anapanda treni kwa magongo. Watu wa behewani wanaangalia mguu, hawaangalii uso. Anachechemea hadi kibaraza cha nyuma cha behewa la mwisho, anangoja awe peke yake, anaruka treni ikiwa inakwenda taratibu, kisha anakutana na mke na wanaulaza mwili relini. Kabla ya hapo, nyumbani kwake, amechomeka vipande vya kadi kwenye kengele ya simu na ya mlango. Akirudi akavikuta vimedondoka, atajua kuna aliyepiga au aliyebisha wakati yeye hayupo, na ataandaa jibu.

Msomaji aliyewahi kusafiri reli ya kati anaelewa mambo haya kuliko mtazamaji wa jiji lisilo na treni: kwamba wahudumu humkumbuka abiria kwa mzigo wake, kwamba behewa la nyuma lina mtikisiko wake, kwamba kuna sehemu treni hupunguza mwendo hadi mtu mzima akaweza kushuka bila kuvunjika. Kwenye filamu mkuu wa madai wa kampuni ya bima, Keyes, anashika hapohapo. Anazo takwimu za kujiua za kila namna, kwa sumu, kwa bunduki, kwa kuruka, na anasema hakuna aliyejiua kwa kuruka nyuma ya treni inayokwenda maili 15 kwa saa. Hiyo ni kama kilomita 24, mwendo wa baiskeli ikiteremka Mwanga.

Sasa, namna ya kuvisoma na kuvitazama pamoja. Soma kitabu hadi wakala anaporuka na mwili kulazwa relini. Funga hapo. Tazama filamu nzima, mwanzo hadi mwisho. Kesho yake rudi kitabuni umalizie. Najua wengi hushauri umalize kitabu kwanza, na kwa riwaya nyingine ni sawa, lakini kwa hii si sawa. Mpaka relini kitabu na filamu vinakwenda bega kwa bega, kwa hiyo unaweza kuona wazi mwongozaji amefanya nini na kila jambo. Baada ya reli vinaachana kabisa, na ukishajua mwisho wa kitabu utaitazama filamu ukiwa unasubiri kitu ambacho hakitakuja.

Angalia kwanza mlango wa kuingilia. Kitabu kinaanza kwa utulivu, wakala anaendesha gari kwenda nyumba ile, na ndani ya aya ya kwanza anaidokeza kuwa nyumba ya mauti ambayo umeisoma magazetini. Anayemwandikia hujamjua. Filamu inaanza usiku, mtu ameshapigwa risasi, anaingia ofisini kwake, anaketi mbele ya mashine ya kurekodia imla na kumwambia Keyes kwamba ameua kwa ajili ya fedha na mwanamke, na vyote viwili amevikosa. Hiyo ndiyo nafasi ambayo filamu imeipa ile ni-. Imeiweka ndani ya mashine, na imempa msikilizaji mwenye jina. Kila mara sauti inaporudi, na inarudi mara nyingi, unakumbushwa kwamba ni rafiki anaungama kwa rafiki. Keyes wa kitabuni ni mtu wa kazi tu, mkali, anaogopesha. Keyes wa filamu, aliyeigizwa na Edward G. Robinson, ndiye moyo wa hadithi. Hesabu njiti za kiberiti: filamu nzima Walter ndiye anayemwashia Keyes sigara, kwa kucha ya dole gumba. Mara moja tu inakuwa kinyume, na ni mwishoni. Hakuna sentensi ya Cain inayofanya kazi hiyo, kwa sababu Cain hakuihitaji.

Mazungumzo nayo yana kisa cha kufundisha. Wilder aliandika skripti pamoja na Raymond Chandler, naye mwandishi wa riwaya nyeusi. Mazungumzo ya Cain kitabuni yanasomeka kama mtu anayesema masikioni mwako, ikaonekana hakuna haja ya kuyagusa. Wakaletwa waigizaji wayasome kwa sauti, yakafa. Chandler akaeleza sababu: yaliandikwa kwa ajili ya jicho. Jaribu mwenyewe. Chukua ukurasa mmoja wa mazungumzo ya Cain, watu wawili wausome kwa sauti, kisha wasome maneno ya filamu ya tukio lilelile, Walter na Phyllis wanapokutana mara ya kwanza. Maneno ya kitabuni hayana pumzi, kila mmoja anajibu kwa sentensi fupi sawa na ya mwenzake. Ya filamu yanapigwa kama mpira wa meza, yanakua, yanageuka mzaha wa polisi na faini ya mwendokasi. Jambo hilihili huwapata wanaojaribu kuigiza riwaya zetu: wananakili mazungumzo neno kwa neno, halafu wanashangaa kwa nini waigizaji wanaonekana kama wanasoma risala.

Mambo mengine filamu iliyaongeza kwa sababu jicho linahitaji hofu ya kuonekana. Baada ya mwili kulazwa relini, wawili hao wanaingia garini na gari linagoma kuwaka. Wilder aliingiza hilo wakati wa kupiga picha, baada ya gari lake mwenyewe kumgomea. Halafu kuna mlango wa nyumba ya Walter, ambao unafunguka kuelekea nje, ukumbini, ili Phyllis ajifiche nyuma yake wakati Keyes anatoka. Milango ya fleti haifunguki hivyo. Hata hivyo tukio linafanya kazi, maana macho yako yako kwenye mkono wake ulioshika kitasa na hayana muda wa bawaba. Kikuku cha mguuni cha Phyllis nacho ni cha filamu. Kitabu kinatumia sentensi kadhaa kueleza kilichomvuta Walter. Filamu inashusha kamera kwenye ngazi, ikafuata mguu, ikamaliza.

Kuhusu kwa nini mwisho ulibadilika, sababu ni ya sheria zaidi kuliko ya sanaa. Studio za Marekani zilikuwa na kanuni za maadili zilizopitishwa mwaka 1930 na kuanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934 chini ya Joseph Breen; ziliachwa mwaka 1968. Muuaji hakuruhusiwa kuponyoka, wala kujiua kusingeweza kuwa njia ya kuikimbia haki. Hadithi iliyotoka mwaka 1936 ikasubiri hadi mwaka 1944 kuonekana kwenye kioo. Wilder alipiga hata tukio la Walter kuuawa kwa gesi gerezani, kisha akalikata, kwa sababu njiti ile ya kiberiti ilikuwa imeshamaliza kazi. Anayelinganisha kitabu na filamu ya miaka hiyo bila kujua kanuni hizi atamlaumu mwongozaji kwa woga ambao haukuwa wake.

Nije kwenye projekta, kwa sababu filamu hizi zinaharibiwa zaidi na vifaa kuliko na watafsiri. Zilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa umbo la picha lenye upana wa 1.37 kwa kimo cha 1. Runinga na projekta za sasa ni 16 kwa 9. Mwendeshaji akiona pengo jeusi kulia na kushoto anadhani ni kasoro, anabonyeza kuvuta picha, na nyuso zote zinanenepa kwa asilimia 30 hivi. Au anakuza hadi pengo lijae, na anakata karibu robo ya picha juu na chini, pamoja na kofia, taa ya dari na mikono. Weka 4 kwa 3 na uyaache yale mapengo yawepo.

Nakala iliyobanwa sana ni adui wa pili. Filamu ya dakika 107 iliyoingizwa kwenye MB 300 inabaki na kama kilobiti 370 kwa sekunde. Mchana wa kwenye filamu utaonekana, lakini vivuli vitakuwa mabonge ya mraba yanayotembea ukutani, kwa sababu programu ya kubana hutupa kwanza tofauti ndogo za kijivu, na filamu nyeusi imejengwa kwa tofauti hizohizo. GB 1.5 ndiyo ya kuanzia, ambayo ni karibu megabiti 1.9 kwa sekunde. Kataa nakala iliyotiwa rangi. Shusha mwangaza wa runinga mpaka nyeusi iwe nyeusi lakini kitambaa cha koti jeusi bado kinaonekana mikunjo. Zima kitu chochote kinacholainisha mwendo. Ukali wa picha ushushe karibu na sifuri.

Kwa wanaotaka kuonyesha uani, Kigoma ina jambo lake. Tuko magharibi kabisa mwa saa tunazotumia nchi nzima, kwa hiyo jua hapa huzama karibu dakika 40 baada ya Dar es Salaam, karibu saa moja usiku au kuipita. Ukitangaza saa moja kama tangazo la Dar utaonyesha filamu ya giza kwenye mwanga. Saa mbili kamili ndiyo saa yake. Ukuta uwe wa rangi nyeupe isiyong'aa; rangi ya mafuta hurudisha nukta ya taa ya projekta machoni. Shuka jeupe moja hupitisha mwanga, likunje mara mbili na ulivute pembe zote nne. Projekta ndogo usiitanue: picha ya upana wa mita 3 ina robo tu ya mwangaza wa picha ya mita 1.5, na mwangaza huo ndio unaotenganisha kijivu na nyeusi. Sauti za filamu hizi ni za mkondo mmoja, spika moja karibu na picha inatosha. Sabufa izimwe, maana besi humeza maneno ya msimulizi. Jenereta liweke mbali, au acha kabisa: projekta ya wati 80 na spika ya wati 20 kwa saa mbili zinakula kama wati-saa 200, pamoja na upotevu wa inveta kama 235, na betri ya volti 12 yenye Ah 50 inazo 600. Hata ukitumia nusu tu ili usiiue betri, zinatosha, na hakuna mngurumo.

Mwanga wenyewe ukitaka kuuelewa, nenda Kibirizi usiku wa giza la mwezi uangalie mitumbwi ya dagaa inapoondoka. Taa moja yenye nguvu, iko upande mmoja, na hakuna kitu cha kuisaidia. Mvuvi akiigeukia, nusu ya uso inang'aa na nusu haipo. Studio kwa kawaida hutumia taa kuu, taa ya kujaza vivuli, na taa ya nyuma ya kumtenga mtu na ukuta. Mpiga picha wa Double Indemnity, John F. Seitz, anabana ile ya kujaza, na mwanga anaupitisha kwenye mapazia ya vipande vya mlalo hadi ukamwangukia mtu kama nondo za dirisha la mahabusu. Hapo ndipo filamu imeiweka sehemu nyingine ya ile ni-. Kitabuni Walter anakwambia amenaswa. Kwenye filamu haambiwi mtu. Mistari ya kivuli imeshampita kifuani, naye bado anatabasamu.

The Maltese Falcon cha Dashiell Hammett, cha mwaka 1930, kiko upande wa pili kabisa. Hakuna ni- ndani yake. Hammett haingii kichwani mwa mpelelezi wake, Sam Spade, hata mara moja katika sura 20. Anaeleza vidole, macho, mabega, na maneno yaliyosemwa. Habari ya kifo cha mshirika wake inapomfikia usiku, unapewa karibu aya nzima ya namna anavyoviringisha sigara, tumbaku kiasi gani, karatasi inavyokunjwa, na wewe ndiye wa kuamua kama anahuzunika. Kitabu kimekwishaandikwa kama kamera. John Huston, kwenye filamu yake ya kwanza kuongoza, mwaka 1941, aliyachukua mazungumzo karibu kama yalivyo, na yakasimama. Simu ya usiku aliipiga kwa namna ileile: unaiona meza, simu, saa na pazia linapepea, na sauti ya Spade inatoka mahali usipopaona.

Kwa sababu hiyo watu husema kitabu hiki na filamu yake ni kitu kimoja. Hapana. Filamu inamwonyesha mshirika, Archer, akipigwa risasi na kuporomoka gengeni; kitabu hakimwonyeshi, unafika na Spade baada ya mambo kwisha. Na katika sura ya saba Spade anamsimulia mteja wake habari za Flitcraft, mtu aliyekoswakoswa na boriti iliyoanguka kutoka kwenye jengo, akaacha mke, watoto na kazi yake palepale, akahama mji, na miaka michache baadaye akawa na mke na kazi vilevile mahali pengine. Haiunganiki na upelelezi wowote. Filamu imeiacha yote, na naelewa kwa nini: ni mtu anayeongea dakika kadhaa juu ya watu ambao hatutawaona. Lakini ndiyo sehemu pekee Spade anapokuonyesha anavyoiona dunia, tena kwa kumtumia mtu mwingine, kwa a-. Kwa kitabu hiki maliza kwanza kusoma, halafu utazame. Na usimtafute Humphrey Bogart, aliyemwigiza Spade, kwenye kurasa. Spade wa Hammett ana nywele za manjano na uso wa pembe za V.

The Big Sleep cha Chandler, cha mwaka 1939, fanya kinyume: tazama kwanza. Kitabu ni cha nafsi ya kwanza tangu mstari wa mwanzo, na filamu ya Howard Hawks ya mwaka 1946 haina sauti ya msimulizi hata kidogo. Badala yake mpelelezi, Marlowe, yumo karibu kila tukio, hujui kitu asichokijua yeye. Ipo nakala ya mwaka 1945 iliyoonyeshwa kwa wanajeshi, yenye tukio la kueleza nani kafanya nini. Kwa toleo la sinema tukio hilo lilitolewa, zikaongezwa dakika za Bogart na Lauren Bacall. Matokeo yake watu hupotea njia, na ukishapotea kwenye filamu, kitabu kinakuwa ramani. Kinakupa pia kile ambacho hakuna kamera iliyokipata: joto la kibanda cha kioo cha maua ya okidi alimoketi jenerali mgonjwa. Kwenye filamu utaona shati limelowa jasho. Kwenye kitabu utatamani kufungua dirisha.

Kuna zoezi moja linalofundisha kuliko kutazama filamu kumi. Chagua nusu ukurasa wa riwaya ya Kiswahili, penye mtu mmoja anayefikiri, kama maneno 120, na uipige picha kwa simu bila mtu kusema neno. Chumba kimoja, balbu moja ya LED ya wati 9, umbali wa mita moja na nusu, upande wa kushoto, juu kidogo ya kichwa. Zima nyingine zote. Gusa uso kwenye kioo cha simu, shikilia mpaka mwanga ufungwe, kisha uteremshe kidogo; usipofunga, simu itaona giza na kujiongezea mwanga yenyewe, na kivuli chako kitakufa katikati ya tukio. Ukuta wa nyuma uwe mita mbili kutoka kwa mtu, la sivyo mwanga unaorudi kutoka ukutani utajaza ile nusu ya uso. Epuka kitenge cha maua mengi, jicho litakwenda huko. Mkipima, maneno 120 ambayo msomaji huyapita kwa nusu dakika yatawapa sekunde nane, au yatawapa dakika mbili, kutegemea mmempa huyo mtu nini cha kufanya na mikono yake. Wengi hukwama hapo, kwenye mikono. Hapo ndipo utaelewa kwa nini njiti za kiberiti ziliingia kwenye ile filamu.

Kisha urudi kwenye Double Indemnity, sehemu uliyoifunga relini. Utakuta mambo ambayo filamu imeyapunguza au kuyaacha: vifo vya watoto hospitalini alikokuwa Phyllis, mapenzi ya Walter kwa binti wa marehemu, Keyes anayewaachia wapande meli kwa sharti la maungamo yaliyoandikwa. Ndipo unajua ulikuwa unasoma nini tangu ukurasa wa kwanza. Mwishoni wako melini, papa wanafuata nyuma, wamekubaliana kujitupa, na wanangoja giza lipate mwanga kidogo. Neno la mwisho la kitabu ni mwezi. Lisome ufukweni, Katonga au Kibirizi, katika zile siku ambazo mwezi ni mpevu na mitumbwi ya dagaa yote imepandishwa nchi kavu, ziwa likiwa jeupe na tupu hadi ng'ambo.